Sijambo Zilizomponza Mdogo Wangu

Barua ilifika Columbus, jimbo la Ohio, lakini kishindo chake tulikisikia Lamu. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, Aprili 2023. Tulikuwa tumemaliza tarawehe, mama anakunja mswala, simu yangu ikalia. Kule kwa mdogo wangu kulikuwa bado mchana mweupe. Hakusalimu. Sisi tuliolelewa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, hatuanzi neno bila salamu, hata liwe zito vipi, kwa hiyo nilijua kabla hajasema.

"Dada, wamekata."

Walichokata ni malipo ya bima ya ulemavu wa muda mrefu. Huku kwetu wengi hatuijui bima hii, kwa hiyo naieleza. Marekani waajiri wengi huwawekea wafanyakazi wao mpango: mtu akiugua akashindwa kufanya kazi kwa muda mrefu, kampuni ya bima humlipa sehemu ya mshahara wake, mara nyingi asilimia 60, hadi apate nafuu ya kurudi kazini au afikie umri wa kustaafu. Si sadaka. Mdogo wangu alikuwa msimamizi wa zamu katika ghala la bidhaa, na mchango wake ulikatwa kwenye mshahara miaka yote aliyokuwa hapo. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya nyumba yake, na kilichobaki kidogo ndicho alichomtumia mama.

Figo zake ziliharibiwa na shinikizo la damu. Aliacha kazi Oktoba 2020, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne hivi yuko kitini na sindano mbili mkononi. Novemba 2021 akapandikizwa figo ya mtu aliyefariki. Mtu huyo hatukumjua. Mama humtia kwenye dua zake kila Ijumaa kwa jina la "mwenye figo", na aila yake pia huiombea.

Siku ile ya upasuaji tulichinja mbuzi. Tuliona yamekwisha. Hapo ndipo tulipokosea sote, na nadhani ndipo wanapokosea wengi ambao hawajaishi na mtu wa namna hii. Mwili hauzoei figo ya mtu mwingine hata ipite miaka. Kila siku unataka kuifukuza. Ili usiifukuze, mgonjwa humeza dawa za kuishusha kinga yake asubuhi na jioni, kwa saa maalumu, muda wote ambao figo ile ipo ndani yake. Takrolimasi, ambayo ndiyo nguzo ya dawa hizo, hutetemesha mikono, huweza kupandisha presha na sukari, na ikizidi kiasi huidhuru figo ileile inayolindwa. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara, tena kabla ya kumeza dozi ya asubuhi, ijulikane imebaki kiasi gani. Nyingine, maikofenoleti, humharisha mtu mpaka akajifunza kila choo cha mji. Na kwa kuwa kinga imeshushwa, homa ambayo mimi na wewe tungeilalia siku moja tukaamka, yeye humfikisha hospitali.

Sasa barua ilisema hivi. Kwa miezi 24 ya kwanza ya malipo, swali la bima lilikuwa kama anaweza kuifanya kazi yake mwenyewe, ya ghalani. Miezi hiyo ilipotimia, swali likabadilika: je, anaweza kufanya kazi yoyote inayolingana na elimu na uzoefu wake? Sharti hili limo katika mikataba mingi ya bima hizi, limeandikwa kurasa za ndani ambazo hakuna anayezisoma siku ya kuajiriwa. Kampuni ikasema anaweza. Akae kitini apokee simu, au akague vifaa vidogo mezani. Ikataja na sababu zake. Kwanza, kriatinini yake, kile kipimo cha damu cha figo, ni nzuri, maana yake figo inafanya kazi. Pili, yeye mwenyewe amewaambia wauguzi mara nyingi kwamba hajambo. Tatu, kuna picha yake yuko Lamu amesimama ndani ya mashua, ameshika kamba ya tanga, anacheka.

Picha hiyo niliipiga mimi.

Alikuja Januari 2023, wiki tatu, kwa idhini ya madaktari wake. Mama alikuwa hajamwona miaka sita. Chanjo ya homa ya manjano hakuweza kuchanjwa, kwa sababu ile ni chanjo ya vijidudu hai na mtu aliyeshushwa kinga hachanjwi. Alikuja na barua ya daktari badala yake. Alikuja na mfuko wa dawa aliokumbatia tangu Columbus mpaka tulipompokea gatini, hakuuachia hata mpagazi. Saa zake za dawa hakuzibadilisha: saa mbili ya kwao asubuhi ilikuwa saa kumi yetu ya alasiri, na saa mbili ya kwao usiku ilikuwa saa kumi yetu ya alfajiri. Kwa hiyo kila alfajiri mama alikuwa akiamka kumgongea mlango, kama mtu anayemwamshia mwanawe daku.

Na hakuna kilichomuuma mama kama dafu. Alimwangushia madafu siku ya kwanza, akayachagua mwenyewe, akayakata, akamletea. Naye akasema hawezi, maji ya dafu yana potasiamu nyingi na dawa zake tayari zinaipandisha. Kesho yake mama akamletea balungi. Balungi nalo hawezi, hilo ndilo baya zaidi, kwani huifanya takrolimasi ijilimbikize katika damu. Mama akabaki ameshika sahani. "Kwani mwanangu amekuwa mgeni wa nani, hata matunda ya kwao yamkatae?" Maji alikunywa ya chupa tu, na sisi watu wa mji huu tunajivunia maji yetu ya machanga ya Shela kuliko watu wanavyojivunia dhahabu.

Siku ya picha tulitoka na mashua ya binamu yetu. Watu wawili walimpandisha, mmoja kamshika kwapani na mmoja mkono. Alikaa chini kwenye kivuli cha tanga, kofia pana kichwani, shati la mikono mirefu, kwa kuwa jua ni hatari kwa ngozi ya mtu wa dawa hizi. Njia nzima alikuwa kimya. Tulipokaribia Shela akaomba ashike demani, kamba aliyokuwa akiishika alipokuwa mvulana, siku za mashindano ya mashua. Binamu akaifunga kamba kwanza, ndipo akampa mwisho wake aushike. Akasimama. Kaskazi ikajaza tanga. Akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Nikapiga picha. Alisimama kwa muda wa mtu kusoma Alhamdu, basi, magoti yakamtetemeka, akakaa.

Alasiri ile niliiweka Facebook na maneno haya: "Mdogo wangu mzima, alhamdulillahi. Bahari bado inamjua."

Usiku akashikwa na baridi, meno yanagongana, na chumba kile hata feni haikuwashwa. Kipimajoto kikasoma 38.7. Tulimbeba kwa mkokoteni hadi hospitali, kwa sababu vichochoro vyetu mnavijua, na punda alikuwa angemtikisa. Ikawa ni maambukizi ya njia ya mkojo. Alilazwa siku mbili na dripu ya dawa, na simu zikawa zinapigwa Columbus kila saa kuuliza dawa gani zinapatana na zake. Hayo sikuyaandika Facebook. Nani anaweka Facebook ndugu yake akiwa kitandani?

Kampuni za bima huangalia mitandao ya wateja wao, na nyingine huajiri watu wa kumfuata mtu barabarani na kamera. Si siri, na mahakama za kule zinaruhusu. Kwa hiyo picha yangu ikaingia kwenye faili, na chini yake tafsiri ya maneno yangu. "Mzima" likageuzwa kwa Kiingereza likawa "amepona kabisa". Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na saba. Kwetu mtu aliyezama akaopolewa ni mzima. Mzee wa miaka tisini aliyelala kitandani, ukiuliza kama angali hai, utajibiwa ni mzima, anashukuru Mungu. Niliandika "mzima" kwa sababu tulikuwa tumekaa miaka miwili tukingoja simu ya kutuambia si mzima.

Wiki ileile ya barua mdogo wangu alikuwa ameshaandika ukurasa mmoja wa hasira na alitaka kuutuma uwe ndiyo rufaa yake, yaishe. Alhamdulillahi kabla ya kutuma alipata kuzungumza na wakili mmoja anayefanya kesi hizi, akamwambia neno moja: usitume. Kisha akamweleza jambo ambalo naliandika hapa kwa herufi za wazi, kwa sababu najua watu wetu walioko kule husoma blogu hii, na wengi wao wana bima ya kazini.

Bima za ulemavu zinazotolewa na waajiri binafsi huko zinaongozwa na sheria ya mwaka 1974 iitwayo ERISA. Kwa sheria hiyo, aliyenyimwa ana siku 180 tangu kupokea barua kukata rufaa kwa kampuni yenyewe. Na kampuni ikikataa tena, ukaenda mahakamani, jaji kwa kawaida haangalii ila yale yaliyomo kwenye faili. Hakuna baraza la wazee wa mahakama, na kwa kawaida hakuna shahidi wa kusimama kizimbani akajieleza. Karatasi ambayo hukuiingiza wakati wa rufaa, hesabu kwamba haipo duniani. Mbaya zaidi, mkataba ukiwa umeipa kampuni mamlaka ya kuamua, jaji haulizi nani ana haki; huuliza tu kama uamuzi wa kampuni ulikuwa na mantiki ya kutosha. Basi ile iitwayo rufaa, ambayo mdogo wangu alidhani ni barua ya malalamiko, ndiyo kesi yenyewe.

Haki alizokuwa nazo ni hizi: kupewa faili lake lote bila malipo, rufaa yake isikilizwe na mtu mwingine asiyekuwa chini ya yule wa kwanza, ashauriwe daktari mwingine, na kwa kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2018, kampuni ieleze kwa nini imepingana na madaktari wanaomtibu na kwa nini imepingana na Social Security, kama shirika hilo la serikali limemkubali kuwa ana ulemavu. Na hapa ndipo nilipokasirika mpaka nikafunga simu nikaenda kukaa darini. Kampuni ndiyo iliyomshurutisha aombe malipo ya ulemavu ya Social Security. Akaomba, akakubaliwa, na kampuni ikakipunguza kile inacholipa kwa kiasi kilekile ambacho serikali ilianza kumlipa. Yaani ulemavu wake ulikuwa kweli siku ya kupunguza. Siku ya kulipa ukawa si kweli, na sababu ya tofauti hiyo waliieleza kwa mstari mmoja.

Nitaongeza kitu kwa haki, maana sitaki mtu aje alaumu kwa jambo asilolijua. Social Security yenyewe humhesabu mtu aliyepandikizwa figo kuwa ana ulemavu kwa mwaka mmoja baada ya upasuaji. Mwaka ukiisha, huangalia kilichobaki. Kwa hiyo si kweli kwamba ukipandikizwa unalipwa daima. Wapo waliorudi kazini, tena wengi, na Mungu awazidishie. Tulichotaka kiangaliwe ni hali ya huyu mmoja.

Faili likaja: kurasa mia nane na ushei. Alinitumia lote kwa WhatsApp, vipande vipande, nami nikawa nalisoma usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Sikujua kwamba nitakutana na lugha yangu mle ndani.

"Mgonjwa anasema hajambo." "Mgonjwa anasema anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu." "Hana malalamiko leo." Nilizihesabu: mara thelathini na moja. Siku moja muuguzi ameandika kwamba mikono inatetemeka na uzito umepungua kilo nne, na mstari wa juu yake, hajambo. Siku nyingine kwamba ameharisha mara sita usiku, na kabla ya hilo, anaendelea vizuri. Daktari wa kampuni, ambaye hakuwahi kumwona mdogo wangu hata kwa picha ya video, alichukua zile sijambo akazipanga kama shanga, akamaliza kwa kuandika kwamba mgonjwa mwenyewe anaripoti afya njema.

Nikampigia. "Kwa nini ulikuwa unawaambia hujambo?"

Akanyamaza kidogo. "Dada, si waliniuliza hujambo?"

Nami ningemjibu nini? Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza hali, humtwishi mzigo mlangoni. Unasema njema, unasema alhamdulillahi, kisha akikaa, akinywa maji, ndipo labda kwa mbali unagusia kwamba usiku hukulala. Na yeye akiwa na adabu anajua kuuliza mara ya pili na ya tatu. Sijambo yetu ni mlango tu, mgeni hafiki sebuleni kwa kuutazama. Muuguzi wa Columbus ana dakika zake kumi na mgonjwa. Anauliza mara moja, anaandika, anaenda kwa mwingine. Simlaumu. Aliandika alichoambiwa.

Lakini kumfundisha mtu mzima aache kusema hajambo ni kazi. Alisema anaona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu ya kumkufuru Mungu: amepewa figo, amepewa uhai, kisha akae anahesabu maumivu mbele ya watu? Aliyemfungua ni mjomba wetu. Mjomba hana shule ya kizungu lakini Qurani ameibeba kifuani. Alimuuliza kwenye simu: "Nabii Ayubu alikuwa na subira au hakuwa nayo?" Akajibu, alikuwa nayo. "Na alimwambia Mola wake nini? Si alisema dhara imemgusa? Alitaja dhara yake, na Mwenyezi Mungu akasema tulimkuta ni mwenye kusubiri. Sasa wewe nani aliyekwambia subira ni kunyamaza?" Nilikuwa nimekaa karibu na mjomba, nikasikia mdogo wangu analia. Miaka mitatu ya ugonjwa ule sikuwahi kumsikia akilia.

Siku ya pili alinunua daftari.

Ninazo picha za kurasa zake, na kwa idhini yake naandika ukurasa mmoja: "Jumanne. Saa nane usiku choo. Saa tisa choo. Saa kumi na moja choo. Asubuhi kliniki kutoa damu, basi mbili kwenda, basi mbili kurudi. Nimelala hadi adhuhuri. Nilitaka kuandika hundi ya kodi. Nimeharibu mbili, ya tatu jirani kaniandikia." Hakuna kilio ndani yake. Hakuna neno "sana". Wakili alisema ukurasa ule una uzito kuliko barua nzima ya hasira, kwa sababu mtu anayekaa mezani kukagua vifaa vidogo anahitaji vidole, na mtu anayepokea simu anahitaji kuwa karibu na simu.

Daktari wake wa figo alipewa karatasi ya maswali: anaweza kukaa saa ngapi mfululizo, mikono yake inafaa kazi ya vidole kwa kiasi gani, na kwa mwezi mmoja atakosa kazini siku ngapi kwa ajili ya vipimo, homa na tumbo. Hilo la siku ndilo lililokuwa na nguvu. Hakuna mwajiri anayemweka mpokea simu asiyefika siku tano au sita kila mwezi. Barua ya kwanza ya daktari huyohuyo ilikuwa imesema tu "hawezi kufanya kazi", na maneno hayo hayafiki mbali. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2003 kwamba mipango hii hailazimiki kumpa daktari anayekutibu uzito wa pekee, ingawa haiwezi kuutupa ushahidi wa kuaminika bila sababu. Kwa hiyo daktari hana budi kusema kwa nini, na kwa hesabu. Mdogo wangu alipelekwa pia kupimwa uwezo wake wa kazi kwa siku mbili mfululizo, akiinua, akikaa, akipanga vitu vidogo. Siku ya kwanza alijitahidi. Siku ya pili hakuweza kumaliza, na hilo likaandikwa.

Nikatakiwa nami niandike ushahidi wangu, kuhusu zile wiki tatu. Niliandika mara ya kwanza: "Alikuwa amechoka sana." Nikakisoma nikaona hakisemi kitu. Nani hajachoka? Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka nikiandika. Nikakichana, nikakaa nikajiuliza niliona nini kwa macho yangu.

Niliona kikombe. Asubuhi ya pili, binamu zetu wamekuja kumjulia hali, nikawagaia kahawa katika vile vikombe vyetu vidogo visivyo na mkono, vya kushika kwa ncha za vidole. Akakipokea chake, na kabla hakijafika mdomoni kikawa kinagonga sahani, tik tik tik, kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Watu wote wakawa wanatazama pembeni kwa adabu. Akakiweka chini. Akasema, "Kahawa ya moto hii, nitaiacha ipoe," na hakuigusa tena. Kuanzia siku hiyo mama alimtilia chai nusu kwenye kikombe kikubwa cha bati, akashika kwa mikono miwili kama mtoto.

Nikaandika kikombe. Nikaandika mkokoteni wa usiku na 38.7. Nikaandika kamba iliyofungwa kabla hajapewa, na binamu naye akaandika ushahidi wake, akatia sahihi. Hospitali yetu ikatupa nakala ya karatasi za kulazwa zenye tarehe na muhuri, na tarehe ile ikawa ni ileile ya picha. Niliandika kwa Kiswahili, kwa makusudi, ingawa Kiingereza ninakijua, kwa sababu nilitaka kila neno liwe ninalolijua mpaka mzizi. Mfasiri aliyethibitishwa huko Columbus alilitafsiri, na aliponipigia kuuliza kuhusu "mzima", tulizungumza karibu saa nzima. Akaongeza maelezo yake kwamba neno hilo lina maana ya kuwa hai, na kwamba kulifasiri "amepona kabisa" katika sentensi ile hakusimami.

Rufaa ilitumwa mwisho wa Septemba, siku kumi na mbili kabla ya zile 180 kutimia, kurasa mia tatu za ushahidi mpya. Kampuni ina siku 45 za kuamua, na inaweza kuongeza 45 nyingine ikiwa na sababu. Waliongeza. Katikati wakaleta ripoti ya daktari wao wa pili, ambayo kwa kanuni zile za 2018 walipaswa kumwonyesha kabla ya kuitumia kumnyima. Ripoti haikutaja mikono hata mara moja. Wakili akajibu kwa kurasa nne, tatu kati ya hizo zikiwa juu ya mikono.

Miezi hiyo minane bila malipo haikuwa ya kusimulia kwa raha. Aliuza gari. Mama aliuza bangili mbili za dhahabu, za mahari yake, akanikataza nisimwambie. Sasa anajua, atayasoma hapa. Ajabu ni kwamba dawa hakukosa hata dozi moja. Watu huko hukosa: bima ya serikali, Medicare, waliyoipata kwa sababu ya figo huisha miezi 36 baada ya kupandikizwa kama hawana sababu nyingine ya kuwa nayo, na ni tangu Januari 2023 tu ndipo ilipowekwa njia ya kuendelea kulipiwa angalau dawa hizi za kulinda figo. Mtu anaweza kupewa figo ya thamani isiyo na bei, akaipoteza kwa kukosa vidonge.

Uamuzi ukaja wiki ya mwisho ya Desemba. Wamerudisha malipo, pamoja na ya miezi yote iliyopita, ukitoa fungu la wakili. Barua ilitaja mikono, ikataja siku za kukosa kazini, ikataja kulazwa Lamu. Picha haikutajwa. Mama alitaka asomewe yote, nikamfasiria neno kwa neno, na tulipofika kwenye jina la mji wetu akaniambia nirudie.

Haijaisha. Kila mwaka huja fomu nyingine ya kuuliza kama hali imebadilika, na daktari hujaza, naye huambatisha daftari. Yuko kwenye daftari la tano.

Juzi nilimpigia, nikamuuliza hali. "Leo mikono mibaya," akasema. "Tumbo limetulia tangu Jumamosi. Nimelala saa tano, nimeamka mara mbili." Mama akaninyang'anya simu.

"Na mimi je, hunisalimu? Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Alhamdulillahi."